Safu ya Mwisho kwa Buku ya Ndama

Kwa buku ya ndama, safu ya mwisho upande wa kulia iliandikwa Weaned. Chini yake unaweka tarehe na sahihi, basi, huyo ndama amemalizana na maziwa na wewe umemalizana naye. Nimejaza hiyo safu miaka ishirini na saba bila kujua hilo neno lilitoka wapi. Nilijua kazi yake tu. Kwa Kiswahili tunasema kuachisha, na mimi nilidhani ni kitu kimoja: mnyama alikuwa na mama, sasa hana.

Sasa meneja wenu mpya ameniomba niwaandikie kitu, nyinyi vijana mnaoanza kazi kwa nyumba ya ndama. Alitaka niandike juu ya usafi wa ndoo. Nitaandika ya ndoo, msijali. Lakini mtu akishastaafu huwezi kumlazimisha aandike ya ndoo peke yake, kwa hivyo mtanivumilia.

Kwanza, vidole. Siku yangu ya kwanza niliweka ndoo ya maziwa mbele ya ndama, nikakunja mikono, nikangoja anywe. Akasimama akiniangalia. Nikamsukuma kichwa ndani, akavuta maziwa kwa pua, akakohoa, akaipiga ndoo na paji la uso, na maziwa yote yakaishia kwa sweta yangu. Sweta nilikuwa nayo hiyo moja. Jumapili nilienda kanisa nikinuka maziwa yaliyolala, na mama mmoja akahama benchi bila hata kujificha.

Mzee Lemayian alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la pumba. Huyo ndiye alikuwa mkubwa wa ndama hapo shambani, Mmaasai aliyezaliwa hapa hapa Kitengela wakati hakuna waya wala ploti, na hakujua kusoma. Mimi niliajiriwa kwa sababu niko na kalamu. Yeye anaangalia ndama, mimi naandika alichoona.

"Ndama hajui kuangalia chini," akaniambia. "Titi iko juu. Wewe unamwekea mama yake chini ya miguu, anywe namna gani?"

Halafu akanionyesha. Unaosha mkono, unachovya vidole viwili kwa maziwa ya vuguvugu, unampa anyonye. Akishashika vizuri unateremsha mkono pole pole mpaka uingie ndani ya ndoo, vidole vikiwa bado mdomoni. Anavuta vidole, anapata maziwa. Siku ya tatu unatoa kidole kimoja. Siku ya tano unatoa cha pili, na yeye anaendelea kunywa kama hakuna kitu kimetokea. Siku hizi mko na ndoo za chuchu ya mpira, nimeziona, ni safi na hazichoshi mgongo. Lakini ule ulimi wa ndama ni kama msasa, na mimi mpaka leo nikikaa bure hapa kwangu, nikiangalia zile nyumba za ghorofa zimejengwa mahali tulikuwa tunakata nyasi, vidole hivi viwili vinautamani. Hamu ya kazi inanianzia kwa vidole.

Ya ndoo ni haya. Suuza na maji baridi kwanza, ndio uoshe na maji moto na sabuni. Ukianza na maji moto maziwa yanashika kwa ndoo na hutayatoa tena. Igeuze ikauke kwa jua, juu ya waya, si kwa simiti. Ndoo moja ndama mmoja. Nimemaliza ya ndoo.

Sasa niwaambie vile nilifika hapo. Nilitoka kwetu Ukambani nikiwa na mtoto wa mwaka mmoja na mwezi, msichana, anaitwa Mutheu. Baba yake alikuwa ameenda na hakuacha neno. Kazi ikapatikana Kitengela, lakini nyumba za wafanyakazi hazikuruhusu watoto. Mama yangu akasema niache mtoto na yeye. Mutheu alikuwa bado ananyonya, na si kunyonya kidogo.

Nilimwachisha siku moja. Asubuhi nilijipaka maji ya shubiri kwa matiti vile wamama wa kwetu hufanya, ile chungu ya kukunja uso. Akaonja, akaniangalia, akaonja tena kama anayedhani amekosea titi. Kisha mama yangu akamchukua nyuma ya nyumba kumwonyesha vifaranga, na mimi nikatoka kwa mlango wa mbele na mfuko wangu. Hivyo ndivyo kila mtu alifanya na hivyo ndivyo bado mnafanya, msinidanganye. Mtoto anashikishwa kitu, mama anatoroka. Tunasema tunamhurumia asilie. Maziwa yalinitoka njia nzima. Nilifika Kitengela blauzi imelowa, nimejifunika na leso, na nikaanza kazi kesho yake nikishikilia ndama wa wengine.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu tuliyemwita Nanyokie. Mwaka wangu wa kwanza alizaa ndama jike mzuri sana, macho kama ya mtu. Wakati huo ndama ambao hawakulishwa kwa ndoo walinyonya chuchu mbili za mama, sisi tunakamua mbili. Meneja wa siku hizo alipenda buku safi. Mwisho wa mwezi anafungua, na akiona nafasi tupu kwa safu ya mwisho anauliza kwa nini. Na mimi nilikuwa mpya na nilikuwa na kiburi cha mwandiko wangu. Mzee Lemayian alikuwa ameenda kwa matanga huko Kajiado, siku nne. Nikaona nifanye kazi nzuri akiwa hayupo.

Siku moja nilimtoa yule ndama kwa maziwa. Siku hiyo hiyo nikamhamisha nyumba ya chini, mbali, mahali hawezi kumsikia mama yake. Siku hiyo hiyo nikamwekea chakula kipya, zile punje kavu za pelleti hakuwa ameonja hata moja. Nikaandika tarehe, nikaweka sahihi, nikajiona.

Alilia mpaka sauti ikaisha. Siku ya tatu alikuwa anafungua mdomo na hakuna kitu kinatoka. Alihara, manyoya yakasimama, akakataa hata maji. Nanyokie naye alikuwa amesimama kwa geti, kiwele kimejaa kimekuwa kigumu kama jiwe, anapiga kelele upande ambao ndama hayuko.

Mzee aliporudi hakunisalimu. Kila siku alikuwa akiniambia "Takwenya," na mimi namjibu "Iko," hata kama amekasirika na dunia yote. Siku hiyo alipita moja kwa moja mpaka nyumba ya chini, akapiga magoti, akamshika ndama masikio. Yalikuwa baridi.

"Umemtoa kwa vitu vitatu siku moja," alisema. "Maziwa, mama, na nyumba. Hata mtu mzima ukimfanyia hivyo anakuwa mgonjwa. Toa kimoja. Ngoja. Toa kingine. Ngoja."

"Nimeshaandika kwa buku," nikamwambia, kama mjinga.

"Futa."

Tulimwokoa. Ilichukua wiki nyingi za uji mwembamba na maji ya chumvi na sukari, na mimi ndiye nilikuwa nampa, kwa vidole. Alipopata nguvu mzee akasema turudishe huyo kwa mama yake, wakae pamoja tu. Tukafungua geti. Nanyokie alikuja akikimbia, ng'ombe mzima anakimbia, akaanza kumlamba shingo. Yule ndama alisimama akalambwa kidogo, akanusa, halafu akampita akaenda kwa pelleti. Hakumjua. Nanyokie alimfuata nyuma mpaka kwa kihori, akasimama hapo.

Nilienda nyuma ya ghala nikalia. Mzee alidhani ni ndama ninalilia, na sikumwambia.

Mwezi wa Desemba nikapata likizo yangu ya kwanza, nikaenda nyumbani na gauni la mtoto na biskuti. Mutheu aliniona kwa mlango akajificha nyuma ya mama yangu, akishika sketi yake. Alikuwa ameanza kuongea. Mama yangu akamwambia, "Huyu ndiye mama." Mtoto akaangalia mama yangu juu, akamwita "Mwaitu," ambalo kwa Kikamba ni kumwita mtu mama, akimuuliza kama ni kweli. Biskuti alichukua. Mimi akaniita Kalondu, kwa sababu ndilo jina alisikia wakubwa wakiniita, na Kalondu nikabaki. Alienda shule akiniita Kalondu, akamaliza chuo cha ualimu akiniita Kalondu. Hakunikosea adabu hata siku moja. Karo nililipa, simu alipiga, sikukuu alikuja. Lakini mama yangu alipokufa, Mutheu ndiye alilia kama mtu aliyefiwa na mama, na mimi nilisimama hapo kando ya kaburi nikijua amefiwa na mama kweli. Nilichotaka maisha yangu yote ni kimoja. Nilitaka aniite Mwaitu siku moja, bila kuambiwa na mtu.

Wacha nirudi kwa kazi, kwa sababu hii sehemu ndiyo meneja atapenda. Baada ya Nanyokie, mzee alinifundisha njia ya waya. Kwanza hakikisha ndama anakula pelleti zake vizuri na anacheua, akiwa bado ananyonya. Halafu weka waya kati yake na mama, wa kuona, wa kunusa, hata wa kugusana pua. Maziwa yameisha lakini mama yuko. Watalia siku mbili tatu, wacha walie, wanaliliana wakionana. Kisha ng'ombe anapelekwa malisho ya karibu, anaonekana. Kesho mbali kidogo. Kesho kutwa nyuma ya kilima, jioni anarudi. Ndama anajifunza kwamba mama akienda ameenda, na akirudi amerudi. Na wakati huo wote mimi niko na kalamu mkononi, namuuliza mzee, "Niandike?"

Yeye anaangalia ndama. Ndama anakula, halafu anainua kichwa upande wa waya.

"Usiandike," anasema. "Bado anaangalia."

Kuna wengine tulingoja siku tisa. Mmoja tulingoja mwezi, na meneja akanigombeza mbele ya watu. Mzee hakujali. Alistaafu kabla yangu akarudi kwa boma yake, na amelala huko sasa. Hakuna siku nimepita barabara ya kwake nisigeuze shingo. Nikisikia mtu yeyote anasema Takwenya hata kwa soko, najibu kabla sijaangalia ni nani.

Mimi nikastaafu. Meneja akanipatia buku ya mwisho nikae nayo, ile ambayo ukurasa wake wa mwisho haukujaa.

Mwaka huu Mutheu akaja Kitengela na mtoto wake, kijana wa miezi tisa, Mumo. Mumewe ni dereva wa malori, leo yuko Mombasa, kesho yuko Malaba. Na yeye Mutheu, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa amepewa uhamisho kwenda shule moja ya upande wa Kimana. Alikuwa amekuja kunieleza, lakini alikuwa anazunguka. Akachukua ile buku kwa meza akaanza kuifungua fungua.

"Kalondu, hili neno Weaned, unajua mwanzo wake si kuachisha?"

"Ni nini?"

"Kuzoesha. Kiingereza cha zamani kabisa. Ilikuwa kumzoesha mtu kitu, kitu chochote. Baadaye ndio likabaki la maziwa." Yeye hufurahi akifundisha, hata mkono unainuka kama ameshika chaki. "Hata leo ukiliwekea neno off nyuma yake, unamtoa mtu kwa kitu. Ukiliwekea on, ni kile kitu amelelewa nacho."

"Kwa hivyo mimi nimekuwa nikiandika tarehe ya nini?"

Akafikiria. "Ya siku ambayo amezoea."

Mzee Lemayian hakujua herufi moja, na alikuwa amenifutisha tarehe kwa sababu hiyo hiyo.

Ndipo akasema alichokuja kusema. Huko Kimana hana mtu wa kumsaidia. Nyumba hajapata vizuri. Alitaka aniachie Mumo hapa Kitengela mpaka afike miaka mitatu, yeye awe anakuja likizo.

Mtoto alikuwa kwa mapaja yangu wakati huo, amenishika hivi vidole viwili, anavitafuna kwa ufizi. Nitawaambia ukweli. Sijawahi kutamani kitu vile nilitamani kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshaona kitanda kitakaa wapi. Nilikuwa nimeshajiona naamka naye, nampikia uji wa wimbi, namfunza kutembea kwa ukumbi, vitu vyote vya utoto wa mama yake nilivyosimuliwa tu kwa barua.

"Hapana," nikasema.

Mutheu aliniangalia kama nimempiga kofi. "Mimi uliniacha," alisema. Sauti haikupanda. "Sikukuuliza chochote miaka hii yote. Sasa nakuomba unishikie wangu, na unakataa?"

"Nakataa kwa sababu hiyo. Atakuita Mutheu. Mimi ndiye ataniita mama, na wewe utakuwa unakuja na biskuti."

Akamtoa Mumo kwa mapaja yangu, akamweka begani.

"Tutaenda wote Kimana," nikamwambia. "Nitakaa mpaka azoee mtu wa kumlea huko. Halafu nitarudi kwangu."

Tulienda. Tulipata nyumba karibu na mashamba ya vitunguu, na jirani mmoja mama wa Kimaasai, Nashipae, aliyekuwa na watoto wake na roho ya kukaa na mwingine. Nikafanya kazi yangu, ile ninayojua. Siku za kwanza Mumo alikuwa kwa mapaja yangu, Nashipae ameketi kando. Halafu kwa mapaja ya Nashipae, mimi kando. Halafu mimi kwa mlango. Halafu mimi kwa mfereji wa maji, na kilemba chekundu ili anione. Kila nikiinuka namwambia naenda, nikirudi namwambia nimerudi. Mutheu naye kila asubuhi namlazimisha amuage mtoto uso kwa uso, hata kama amechelewa. Mtoto analia. "Aga tu," namwambia. Nashipae alidhani sisi ni watu wa ajabu, kuliza mtoto makusudi.

Wiki ya tatu, jioni moja tukichambua vitunguu na Mutheu nje ya nyumba, akaniuliza bila kuinua macho.

"Mimi ulinizoesha siku ngapi?"

Ningeweza kumwambia habari ya kazi, ya nyumba za wafanyakazi, ya baba yake. Yote ni kweli.

"Hata moja," nikasema. "Nilijipaka shubiri asubuhi. Bibi yako akakupeleka kuona vifaranga, na mimi nikatoka kwa mlango wa mbele. Sikukuaga. Nilikosa, Mutheu. Nimejua hivyo tangu mwaka wa kwanza na nimeogopa kukwambia."

Aliendelea na kitunguu chake kidogo. Kisha akainuka akaenda kuanua nguo, na zilikuwa bado mbichi. Alikaa huko kwa kamba muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo nilikuwa nimepanga kurudi. Mumo alikuwa anacheza na Nashipae vizuri, anakula, anacheka. Nashipae akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, wacha nimpeleke aone mbuzi wadogo huko nyuma, wewe utoke pole pole." Na mimi, na miaka yangu yote ya waya, moyo ukaniambia ndiyo, fanya hivyo, hutaweza kusikia hicho kilio. Nikachukua mfuko.

"Hapana," Mutheu akasema nyuma yangu. "Aende akionekana."

Akambeba Mumo akanifuata mpaka nje, mpaka pale njia inaanza kukata shamba la vitunguu. "Mwambie," akaniambia. Nikamwambia. Nikamshikisha vidole mara ya mwisho, nikavitoa, kimoja, halafu kingine. Akaanza kulia. Nikatembea. Nilikuwa nageuka kila hatua chache kama mtu amesahau kitu, na nilikuwa nalia mwenyewe, mtu mzima kwa barabara.

"Enda tu, Mwaitu," Mutheu akaniita. "Tunakuona."

Nilifika barabarani. Mumo alikuwa amenyamaza, amelaza kichwa kwa bega la mama yake. Mutheu alikuwa bado amesimama pale pale, ameinua mkono, na hakuushusha mpaka nikapata gari.

Buku niko nayo hapa mezani. Ukurasa wa mwisho, safu ya mwisho, kuna nafasi. Kalamu pia iko. Jioni naketi kwa mlango, nageuza uso upande wa Kimana, na siandiki kitu. Bado naangalia.